UZI: Kodi ya mauzo Marekani, na jinsi ya kusoma risiti ya supamaketi kabla hujatoka mlangoni

MkeWaMwanza (Minnesota)

Wapendwa, salamu kwa wote mlioko huku Marekani na mnaojiandaa kuja.

Mimi ni keshia kwenye supamaketi moja hapa Brooklyn Park, Minnesota. Wateja wetu wengi ni watu wa kwetu: Wakenya, Watanzania, Wakongomani, na Wasomali waliokulia Nairobi au kambini Dadaab ambao Kiswahili chao ni kizuri kabisa. Kuna jambo linajirudia mbele yangu na linaniuma. Mama anakuja na troli na pesa taslimu mkononi, kajumlisha bei za kwenye shelfu kwa uangalifu. Mashine inaleta jumla kubwa kuliko hesabu yake, anashtuka, foleni nyuma inaanza kuguna, naye anaanza kurudisha vitu. Anarudisha kuku, anarudisha maziwa, anabakiza soda za watoto. Hajui kwamba kuku na maziwa havikumwongezea hata senti moja ya kodi. Iliyoongeza ni soda.

Nimeona niandike kwa urefu, kwa sababu kaunta hakuna nafasi ya kumweleza mtu haya yote.

Kwetu tumezoea kodi kuwa ndani ya bei. Tanzania Bara VAT ni asilimia 18, Kenya 16, lakini mfuko wa sukari ukiandikwa bei fulani, ndiyo hiyo unayotoa mfukoni. Marekani hakuna VAT. Kuna kodi ya mauzo, na lebo ya kwenye shelfu haiionyeshi. Inaongezwa pale unapolipa. Tena si kodi ya serikali kuu. Ni ya jimbo, halafu kaunti na mji navyo vinaruhusiwa kuongeza vyao juu yake. Majimbo mengi yalianza kuitoza miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, mapato mengine yalipokauka, na kila jimbo likajiandikia sheria yake. Kwa hiyo ndugu yako wa Texas akikwambia kitu fulani kina kodi, hiyo ni habari ya Texas.

Hapa kwetu jimbo linachukua asilimia 6.875. Ukijumlisha za kaunti na za eneo zima la jiji, Brooklyn Park inafika 8.525. Ukienda kununua Minneapolis kwenyewe unalipa 9.025. Tangu Oktoba 2023 eneo hili liliongezewa asilimia moja nzima kwa ajili ya usafiri na makazi, ndiyo maana wakongwe wa hapa wana namba ndogo vichwani mwao.

Sasa sikilizeni kiini cha uzi huu: kodi haipigwi kwenye troli zima. Inapigwa kwenye baadhi ya vitu tu, na risiti inakuonyesha ni vipi.

Minnesota chakula cha kwenda kupika nyumbani hakina kodi. Unga, mchele, maharage, nyama mbichi, samaki, mayai, maziwa, mboga, matunda, mkate, mafuta ya kula, majani ya chai, sukari: sifuri. Maji ya chupa yasiyo na utamu, sifuri. Nguo pia hazina kodi hapa, na nepi za watoto, na pedi, na dawa za kawaida za maumivu au mafua zisizohitaji cheti cha daktari.

Vyenye kodi ni sabuni, karatasi za chooni, mifuko ya taka, vyombo, chakula cha mbwa, pombe. Hivyo hakuna anayebishana navyo. Ubishi uko kwenye vitu vya kuliwa ambavyo sheria haivihesabu kuwa chakula cha nyumbani.

Cha kwanza ni soda na vinywaji vitamu. Kinywaji chochote kisicho na kilevi kilichotiwa sukari au utamu wa bandia kina kodi, isipokuwa kikiwa na maziwa, au kikiwa na juisi halisi ya matunda au mboga zaidi ya asilimia 50. Geuza chupa usome. Vile vinywaji vya rangi vya watoto vyenye juisi asilimia 10 vinatozwa. Juisi kamili ya machungwa haitozwi. Majani ya chai hayana kodi, chai ya chupa iliyotiwa sukari inayo.

Cha pili ni peremende na chokoleti. Hapa sheria ina kipengele ambacho wateja hawakiamini mpaka waone risiti: kikiwa na unga wa ngano ndani yake, si peremende tena, ni chakula. Twix na Kit Kat zina unga, kwa hiyo hazina kodi. Snickers haina unga, ina kodi. Ziko kwenye shelfu moja, bei moja. Mteja akiniuliza kwa nini moja imetozwa na nyingine haikutozwa, hilo ndilo jibu, na makeshia wengi hawalijui.

Cha tatu ni chakula kilichopikwa. Kuku mbichi hana kodi. Kuku huyohuyo akiwa ameokwa dukani na anauzwa wa moto, ana kodi.

Cha nne ni virutubisho, yaani vitamini, unga wa protini na kadhalika. Angalia jedwali la nyuma. Limeandikwa Nutrition Facts, ni chakula. Limeandikwa Supplement Facts, ni kirutubisho na kina kodi.

Tuje kwenye risiti. Pembeni ya kila bei kuna herufi. Duka letu linatumia T kwa kitu chenye kodi na N kwa kisicho nayo. Maduka mengine yana X na O, mengine yana nyota, na F mara nyingi ni chakula kinachoweza kulipiwa kwa SNAP, ule msaada wa serikali wa kununua chakula kwa wenye kipato kidogo. Hakuna utaratibu mmoja wa nchi nzima, kwa hiyo jifunze herufi za duka lako. Kama huoni maelezo chini ya risiti, muulize keshia. Swali hilo halituudhi.

Mfano, bei nimezibuni ila kodi ni ya kweli ya Brooklyn Park:

Unga wa mahindi 6.49 N
Kuku mbichi 9.80 N
Maziwa galoni moja 3.79 N
Sukuma wiki 2.50 N
Nyanya 4.12 N
Soda 8.99 T
Sabuni ya kufulia 12.99 T
Karatasi za chooni 10.49 T
Kuku wa kuokwa, moto 7.99 T

SUBTOTAL, yaani jumla kabla ya kodi, ni 67.16. Hapo ndipo watu wanapokosea: wanachukua 67.16 wanazidisha na asilimia 8.525 wanapata 5.73, halafu risiti inasema 3.45 nao wanadhani mashine imewaonea huruma. Jumlisha zenye T peke yake: 8.99 na 12.99 na 10.49 na 7.99 ni 40.46. Zidisha na 0.08525, unapata 3.449, inakaa 3.45. Imetimia. Kama mstari wa TAX ungesema 5.73, ujue kuna chakula kilichowekewa kodi kimakosa, na ungepanda na macho kutafuta T iliyokaa mahali pasipo pake.

Hilo huwa linatokea. Aghalabu ni bidhaa mpya ambayo mtu wa ofisini kaiingiza kwenye mfumo na kundi lisilo lake, na sisi watu wa kwetu tunapata zaidi kwa sababu tunanunua bidhaa za kigeni: unga wa muhogo, samaki wakavu, viungo, mawese. Mwenye kuingiza data hajui ni nini hicho.

Na niseme jambo ambalo naliona kubwa kuliko kodi yenyewe. Makosa mengi kwenye risiti hayako kwenye kodi, yako kwenye bei. Ofa imebandikwa kwenye shelfu lakini mfumo haujapewa bei mpya. Kitu kimepita mara mbili mbele ya taa ya mashine. Ofa ilikuwa ya saizi nyingine. Mizani imepima na uzito wa chombo. Ndizi za kawaida zimegongwa kwa namba ya ndizi za ogani, zile zilizolimwa kwa njia ya asili: namba ya ndizi za kawaida ni 4011, za ogani ni 94011, hiyo 9 ya mbele ndiyo ya ogani. Ukiwa kwenye mashine ya kujilipia mwenyewe, weka namba iliyo kwenye kistika, usichague picha ya kwanza inayokuja.

Kwa hiyo ukishalipa, sogea pembeni kabla ya mlango. Soma mistari kutoka juu: kitu, idadi, bei. Kisha herufi. Kisha kodi. Ukiona tatizo, nenda kaunta ya huduma kwa wateja na risiti na kitu chenyewe. Ukishafika nyumbani, kazi inakuwa ngumu mara mbili na basi lenyewe linataka nauli.

Karibuni na ya majimbo yenu.

---

binti_clarkston (Georgia)

Dada asante sana, nimesoma mpaka mwisho. Ila mimi niko Clarkston na kwenye risiti yangu unga na mchele VINATOZWA. Si nyingi, lakini vinatozwa. Ina maana duka linaniibia?

---

MkeWaMwanza

Hapana mdogo wangu, hawakuibii. Georgia wameondoa kodi ya jimbo, ile asilimia 4, kwenye chakula. Lakini kodi za kaunti na mji zimebaki hata kwenye unga. Ndiyo maana unaona kidogo kidogo. Kwenye risiti unaweza kukuta mistari miwili ya kodi, mmoja wa chakula na mwingine wa vitu vingine. Kagua kila mmoja na vitu vyake.

Kuna majimbo kadhaa ya namna hiyo. Kansas walifikisha kodi ya jimbo kwenye chakula sifuri Januari 2025, za mitaa zikabaki. Oklahoma vilevile tangu mwishoni mwa Agosti 2024. Tennessee jimbo linatoza chakula asilimia 4 badala ya 7, na kaunti inaongeza yake. Mississippi chakula kilikuwa asilimia 7, kikashuka kuwa 5 Julai 2025. Illinois wamefuta asilimia 1 ya jimbo tangu Januari 2026 lakini wakaruhusu miji iweke asilimia 1 yake, na miji mingi imeweka, kwa hiyo wa huko usishangae risiti yako haijabadilika.

---

MzeeKibarua

Bibie nakuheshimu, lakini huu ni usumbufu. Mtu katoka zamu ya usiku, ana watoto kwenye gari, umwambie asimame mlangoni apige hesabu ya dola mbili? Muda wangu wa saa moja una thamani kuliko hiyo.

---

MkeWaMwanza

Mzee wangu, shikamoo. Sikubaliani na wewe na nitakwambia kwa nini.

Bei mbaya ikikaa kwenye mfumo haikai kwa ajili yako tu. Inakaa kwa kila anayepita na kitu hicho mpaka mtu mmoja aseme. Nimeona bei ya mchele wa mfuko mkubwa ikikaa vibaya wiki nzima, wateja wote wa mchele huo ni watu wetu, na kila mmoja alilipa akaondoka. Aliyekuja kusema alirudishiwa chake, na meneja akairekebisha mchana uleule. Wale wa kabla yake hawakurudishiwa kitu.

Halafu si saa moja. Ukishazoea ni muda wa kusogeza troli pembeni. Wengi wetu tunanunua vilevile kila wiki, kwa hiyo bei unazijua kichwani. Jicho linagota penyewe kwenye namba ngeni.

---

MzeeKibarua

Marahaba. Hilo la mfumo sikulifikiria. Naendelea kusoma.

---

Wambui_Lowell (Massachusetts)

Watu wa Lowell, Worcester na kwingine huku, msikubali kurudishiwa tofauti pekee. Sheria ya Massachusetts ni kali kwa maduka ya vyakula. Mashine ikikutoza zaidi ya bei iliyotangazwa au iliyobandikwa, kitu kimoja unapewa BURE kama bei yake haizidi dola 10. Ikizidi dola 10, unapunguziwa dola 10. Tangazo la sheria hiyo linatakiwa libandikwe kwenye kaunta za kulipia, liangalie kwenye duka uliloko.

Mimi hufanya hivi: ninapochukua kitu cha ofa napiga picha lebo ya shelfu na simu. Ikifika kwa mashine na bei ni tofauti, natoa simu. Hakuna kubishana. Keshia mwenyewe anashukuru kwa sababu hahitaji kumtuma mtu akaangalie.

Kodi yetu ni rahisi: asilimia 6.25 jimbo zima, miji haiongezi. Chakula cha nyumbani hakitozwi.

---

Baba_Furaha (Michigan)

Hapa Grand Rapids ni namna nyingine. Mashine ikikutoza zaidi ya bei iliyobandikwa na umeshalipa, una siku 30 za kuwaambia. Wanakurudishia tofauti na juu yake fidia ya mara kumi ya tofauti ile, isiyopungua dola 1 na isiyozidi dola 5. Mfano wamezidisha senti 40: unarudishiwa senti 40 na dola 4. Risiti lazima uwe nayo.

Na ba ndugu wa huku msichanganye kodi na deposit ya chupa. Senti 10 kwa kila kopo la soda ni amana, unairudishiwa ukipeleka makopo matupu kwenye ile mashine. Jirani yangu alikuwa anayatupa, akidhani zile senti ni kodi ya taka. Familia inayokunywa soda nyingi inatupa pesa.

---

SeremalaPDX (Oregon)

Kwetu Oregon hakuna kodi ya mauzo hata kidogo. Bei ya kwenye lebo ndiyo unayolipa, kama nyumbani. Majimbo yasiyo na kodi ya mauzo ya jimbo ni matano: sisi, Montana, New Hampshire, Delaware na Alaska, ingawa Alaska miji mingine inatoza yake. Amana ya chupa tunayo, senti 10.

Lakini hata huku risiti ni ya kusomwa. Kama alivyosema dada, makosa ya bei hayajali kodi.

Wale wa Vancouver ya jimbo la Washington mnaovuka mto kuja kununua televisheni huku, mjue sheria ya Washington inawadai kodi ya matumizi, yaani ile ambayo mngelipa kwao, kwa kitu hicho mkirudi nacho. Chakula hakina shida, hata Washington hakitozwi.

---

Mama_Neema_DSM (Iowa)

Minasalimia wote. Niko Des Moines, nilitoka Uvira kupitia Nyarugusu. DSM ya jina langu ni Des Moines, si Dar.

Niko na swali ya SNAP. Nikilipa na kadi ya EBT, ile yenye pesa ya SNAP inaingia ndani, mbona kodi haitokei kabisa, hata kwa bintu vyenye mumesema viko na kodi? Na sasa kuna bintu kadi inakataa.

---

MkeWaMwanza

Karibu sana mama. Swali lako ni la muhimu kuliko yote humu.

Sheria ya serikali kuu inakataza jimbo lolote kutoza kodi ya mauzo kwenye chakula kilicholipiwa kwa SNAP. Jimbo lolote, hata yale yanayotoza unga. Kwa hiyo kitu chochote kinachokubaliwa na SNAP, ukikilipia kwa EBT, kodi yake lazima iwe sifuri. WIC, ule mpango wa chakula wa wajawazito na watoto wadogo, vilevile. Ukiona umelipa kwa EBT na risiti ina kodi, angalia kama kodi hiyo ni ya sabuni na karatasi ulizolipia kwa pesa yako. Kama kodi imewekwa kwenye chakula cha EBT, rudi dukani, hiyo ni haki yako kabisa.

Na kuna jambo moja la hesabu. Ukiwa na pesa kidogo kwenye EBT na kidogo taslimu, pitisha EBT KWANZA. Mashine inaondoa kodi kwa kile kilicholipiwa na EBT. Ukianza na taslimu, mambo yanachanganyika.

Kuhusu kukataliwa: Iowa ni kati ya majimbo yaliyoanza Januari 2026 kuzuia baadhi ya vitu kwenye SNAP. Iowa wenyewe wametumia kipimo cha kodi: kitu cha kula ambacho sheria ya Iowa inakitoza kodi ya mauzo, SNAP haikilipii tena. Soda na peremende ndizo kubwa. Tena kwa kuwa Iowa wanafuata maana ileile ya peremende niliyoeleza juu, chokoleti yenye unga ndani haihesabiwi peremende. Sasa kwako mama ile herufi ya kodi ina kazi mbili: inakuonyesha kodi, na inakuonyesha kadi itakataa wapi. Chukua risiti ya zamani, angalia vilivyokuwa na alama ya kodi, hivyo usivipeleke kaunta ukitegemea EBT.

---

Mama_Neema_DSM

Aksanti sana. Ile ya kuanza na EBT hakuna mutu alituambia, hata kule ofisi ya wakimbizi. Nitaambia wamama wa kanisa siku ya mungu. Wengine wanaona aibu kuuliza keshia, wanaogopa Kiingereza.

---

MkeWaMwanza

Waambie wasiogope. Si lazima uongee. Weka risiti kwenye kaunta ya huduma, weka kidole kwenye mstari, onyesha kitu au picha ya lebo. Mfanyakazi anaelewa. Mtoto asitumwe kutafsiri kila mara, mama anaweza mwenyewe.

---

Otieno_HTX (Texas)

Houston hapa. Jimbo 6.25 na mitaa mpaka 2, kwa hiyo karibu kila mahali mjini ni 8.25. Chakula cha nyumbani hakitozwi, soda na peremende zinatozwa. Nepi na pedi zilitolewa kodi Septemba 2023, kwa hivyo akina mama wakiona bado kuna alama ya kodi hapo, walalamike.

Swali langu ni kuponi. Nimenunua sabuni ya dola 10 na kuponi ya dola 3. Kodi inapigwa kwa 10 ama kwa 7?

---

MkeWaMwanza

Inategemea jimbo na aliyetoa kuponi. Hapa Minnesota, kuponi ya duka lenyewe inapunguza bei, kwa hiyo kodi ni kwa 7. Kuponi ya kiwanda, duka linakuja kulipwa zile 3 na kiwanda, kwa hiyo sheria inahesabu duka limepokea 10 kamili na kodi inapigwa kwa 10. Majimbo mengi yako hivyo. Texas ni bora kidogo kwako: wanahesabu bei baada ya kuponi za aina zote mbili.

Angalia pia kwamba kuponi imeonekana kwenye risiti kama mstari wenye alama ya kutoa. Kuponi za kwenye programu ya simu zinahitaji uweke namba yako ya simu kabla ya kulipa. Ukisahau, hazipo.

---

Kijana_wa_Kisauni

Wakubwa shikamooni. Mimi bado niko Mombasa, nimepata green card, nafikia kwa binamu yangu Louisville, Kentucky mwezi ujao. Nitakuwa na pesa kidogo sana za kuanzia. Nikiwa na dola 50 taslimu nijumlishe vipi nisije nikaaibika kaunta?

---

MkeWaMwanza

Marahaba mwanangu, na hongera. Ukiwa dukani, troli yako igawe: mbele weka chakula cha kupika, nyuma weka vyenye kodi. Chakula jumlisha bei kama ilivyo. Vyenye kodi jumlisha kivyake halafu ongeza asilimia kumi, yaani sogeza nukta nafasi moja: vya dola 20, ongeza dola 2. Maeneo mengi kodi haifiki kumi, kwa hiyo utabaki na chenji. Nyama na matunda ya kupimwa, pima kwenye mizani ya pale kwenye mboga kabla hujaenda kulipa.

Na ukifika kaunta, waambie wapitishe chakula kwanza, vya ziada mwisho. Pesa ikikaribia kuisha, kinachobaki nje ni soda, si kuku.

---

Shangazi_Lou (Kentucky)

Karibu Louisville, kijana. Kwetu ni asilimia 6 jimbo zima, kaunti haziongezi kitu, na chakula cha nyumbani hakitozwi. Vya dola 20 vyenye kodi ni dola 1 na senti 20. Koti zito usinunue dukani mara tu ukishuka, kuna kanisa na msikiti hapa wanagawa kwa wageni. Niandikie ujumbe wa ndani nikuelekeze, na pia duka linalouza unga wa ugali wa mfuko wa kilo kumi.